Sumu Iliyolala Topeni: Historia ya Klodekoni na Funzo Lake kwa Nchi za Migomba

Ndugu msomaji, mvua kubwa inaponyesha katika nchi zetu za vilima na migomba, jambo la kwanza tunaloliona ni rangi ya mto. Maji yaliyokuwa maangavu asubuhi huwa mekundu kama udongo wa matofali ifikapo alasiri. Tunasimama darajani, tunatazama, tunasema mto umefurika, kisha tunarudi nyumbani kusubiri upungue. Ni wachache wanaojiuliza: udongo ule umetoka shamba la nani, unakwenda wapi, na ndani yake umebeba nini?

Swali hilo linaonekana kuwa la somo la jiografia au la kilimo. Leo nataka kuonyesha kwamba ni swali la uraia. Nitasimulia historia ya dawa moja ya kuua wadudu, klodekoni, iliyotengenezwa Marekani, ikapigwa marufuku huko, kisha ikaendelea kumwagwa kwenye migomba ya visiwa viwili vya Karibi vilivyo chini ya Ufaransa, yaani Martinique na Guadeloupe. Ni historia ya udongo uliotunza sumu, ya mvua zilizoitoa mafichoni, na ya watu waliolazimika kuidai haki yao kwa zaidi ya nusu karne. Waswahili walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Historia hii itatuonyesha kwamba kuna vitu vingine pia ambavyo vikimwagika havizoleki.

Mdudu na dawa yake

Chanzo cha yote ni mdudu mdogo. Fukusi wa migomba ni mbawakavu mweusi mwenye urefu wa milimita 10 hadi 15. Jike hutaga mayai chini ya mgomba, na viluwiluwi wake hutoboa tunguu na kuchimba njia ndani yake. Mgomba ulioshambuliwa hudhoofika, huzaa mkungu mdogo, na upepo ukivuma huanguka kwa sababu mizizi yake haina tena pa kushika. Mdudu huyu asili yake ni kusini mashariki mwa Asia, naye alisambaa ulimwenguni akiwa amejificha ndani ya machipukizi ambayo wakulima walibeba kutoka nchi moja hadi nyingine. Mkulima wa Masaka, wa Bukoba, wa Ngozi au wa Kivu hahitaji kuelezwa habari zake. Hapa Uganda, yeye ni mmoja wa wanaolaumiwa kwa kudhoofika kwa migomba ya Buganda katika miongo ya mwisho ya karne iliyopita.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya Kimarekani ya Allied Chemical iligundua kemikali iliyokuja kuuzwa kwa jina la Kepone. Jina lake la kitaalamu ni klodekoni. Imo katika ukoo mmoja na DDT na dieldrini, yaani dawa zilizoundwa kwa kaboni na klorini. Atomi 10 za kaboni zimeungana kama kizimba, na atomi 10 za klorini zimekizunguka kizimba hicho kama boma. Vijidudu vya udongoni, ambavyo kwa kawaida huvunjavunja takataka za kila aina, hushindwa kulivunja boma hilo kwa urahisi.

Hapo ndipo penye kiini cha habari nzima. Kudumu kwa dawa kulihesabiwa kuwa sifa. Mkulima angeinyunyiza mara moja chini ya mgomba, nayo ingeendelea kumngoja fukusi kwa miezi na miezi. Lakini kitu kisichooza hakichagui pa kukaa. Kilichomngoja fukusi kilingoja pia mtoto, samaki, kamba na mjukuu ambaye hajazaliwa.

Hopewell, 1975

Mji wa Hopewell uko katika jimbo la Virginia, kando ya mto James, nao ulijivunia viwanda vyake vya kemikali. Mwaka 1974 kazi ya kutengeneza Kepone iliingia mikononi mwa kampuni ndogo, Life Science Products, iliyoanzishwa na watu wawili waliowahi kuajiriwa na Allied Chemical. Kiwanda chenyewe kiliwekwa katika jengo lililokuwa kituo cha mafuta ya magari. Vumbi la dawa lilitapakaa kila mahali. Wafanyakazi walikula chakula chao katikati ya vumbi hilo na kurudi nyumbani nalo katika nguo zao.

Haukupita muda, wakaanza kutetemeka. Mikono haikutulia, macho yalichezacheza, wengine walishindwa kutembea sawasawa. Katikati ya mwaka 1975, daktari mmoja wa pale mjini hakuridhika na majibu mepesi, akatuma sampuli ya damu ya mgonjwa wake kwenye maabara ya serikali kuu mjini Atlanta. Majibu yalionyesha kiasi kikubwa cha Kepone. Afisa wa afya wa jimbo alipokwenda kuwakagua wafanyakazi, alikuta hali ya kutisha, na mwezi Julai kiwanda kikafungwa. Uchunguzi ulibaini kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi waliopimwa walikuwa na dalili za kudhurika.

Lakini sumu ilikuwa imekwisha kutoka nje ya kiwanda. Ilipitia katika mfereji wa majitaka wa mji, ikaua bakteria wanaosafisha maji hayo, ikaingia mto James. Huko haikuyeyuka na kwenda zake baharini kama wengi walivyotarajia. Klodekoni haipendi maji. Hupenda kushikamana na chembe ndogo za udongo na mabaki ya mimea. Basi ilizipanda chembe hizo kama abiria apandavyo basi, ikateremka nazo hadi pale maji baridi ya mto yanapokutana na maji ya chumvi. Hapo mwendo wa maji hupungua, chembe hugandana na kuzama, na tope hujilimbikiza. Sumu nayo ikatua humo. Funza wa topeni wakaila, samaki wakawala funza, na samaki wakavuliwa.

Mnamo Desemba 1975, gavana wa Virginia alifunga uvuvi katika mto James, kuanzia Richmond hadi unapoingia katika ghuba ya Chesapeake, umbali wa kilomita zipatazo 160. Marufuku hayo, ambayo yalilegezwa kidogo kidogo, hayakuondolewa kabisa hadi mwaka 1988. Mwaka 1976 mahakama iliitoza Allied Chemical faini ya zaidi ya dola milioni 13, kiasi ambacho kilipunguzwa baadaye kampuni ilipokubali kutoa dola milioni 8 za kuanzisha mfuko wa mazingira wa jimbo hilo.

Je, tope lilisafishwa? Hapana. Wataalamu walichunguza uwezekano wa kulichota wakaona gharama ni kubwa mno, na zaidi ya hayo, kulikoroga kungeweza kuiamsha sumu iliyokwisha kulala. Uamuzi ukawa ni kuuacha mto ujifukie wenyewe, tabaka jipya la tope juu ya tabaka la zamani. Tangu hapo usalama wa watu ukategemea jambo moja: tope hilo lisivurugwe.

Kibali cha mwaka mmoja

Sasa tuvuke bahari. Martinique na Guadeloupe vilikuwa makoloni ya Ufaransa yaliyojengwa kwa jasho la watumwa kutoka Afrika. Tangu mwaka 1946 ni mikoa ya Ufaransa, na wakazi wake ni raia wa Ufaransa wenye haki sawa kisheria na mkazi wa Paris. Ndizi ni zao kuu la biashara huko, na sehemu kubwa ya ardhi nzuri imebaki mikononi mwa familia chache, nyingi zikiwa za wazao wa walowezi wa zamani.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, wauzaji wa Kepone waliomba ruhusa ya kuiuza Ufaransa. Kamati ya wataalamu wa sumu iliikataa, kwa kuwa majaribio ya panya yalionyesha madhara na kwa kuwa ilikuwa ya kudumu mno. Hata hivyo, mwaka 1972 wizara ya kilimo, iliyoongozwa na Jacques Chirac ambaye baadaye alikuja kuwa rais, ilitoa kibali cha muda. Ndugu msomaji, litazame vizuri neno hilo: kibali cha muda. Muda huo ulikuja kuwa miaka 21.

Unga wa dawa ulinyunyizwa kwa mkono chini ya kila mgomba. Wanaume na wanawake walibeba ndoo mashambani, wengi bila glavu wala barakoa, na hawakuambiwa walichokuwa wakikishika. Lakini tusidhani kwamba walikuwa wajinga. Februari 1974, wafanyakazi wa mashamba ya ndizi ya Martinique waligoma. Walidai nyongeza ya mshahara, na katika orodha ya madai yao walitaka pia kuondolewa kwa dawa zenye sumu. Tarehe 14 Februari, mahali paitwapo Chalvet, katika wilaya ya Basse-Pointe, askari waliwafyatulia risasi wagomaji. Rénor Ilmany aliuawa. Siku mbili baadaye maiti ya kijana Georges Marie-Louise iliokotwa ufukweni.

Tarehe hii nataka wanafunzi waikumbuke. Wakubwa walipokuja kusema baadaye kwamba enzi zile hakuna aliyejua, historia inajibu kwamba wafanyakazi walikwisha sema, mwaka mmoja na nusu kabla ya kiwanda cha Hopewell kufungwa. Hawakuwa na maabara. Walikuwa na miili yao.

Vimbunga na kurudi kwa dawa

Baada ya mkasa wa Hopewell, Marekani iliacha kuitengeneza na kuiruhusu dawa hiyo. Maghala yakaanza kukauka. Ungetarajia kwamba habari ingeishia hapo. Wakati huo huo, mwaka 1977, mtafiti wa Kifaransa aliyepima udongo na mito ya Guadeloupe alitoa ripoti kuhusu kuenea kwa dawa za klorini. Mwaka 1979 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka klodekoni katika orodha ya vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Ripoti nyingine, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilionyesha sumu ikijilimbikiza katika wanyama.

Lakini mwaka 1979 kimbunga David kilipiga, na mwaka 1980 kikafuata kimbunga Allen. Mashamba ya ndizi yakalala chini. Fukusi wakaongezeka, na wenye mashamba wakataka dawa. Mwaka 1981 wizara ikaidhinisha jina jipya, Curlone, lenye klodekoni asilimia 5. Kampuni ya Martinique ilipata haki ya kuiuza. Kiini cha dawa kilitengenezwa Brazili na kuchanganywa kusini mwa Ufaransa.

Mwaka 1990 kibali kiliondolewa. Hata hivyo, sheria iliruhusu muda wa kumaliza dawa iliyokuwa ghalani, na mawaziri wakaongeza muda huo kwa ajili ya visiwa hivyo hadi Septemba 1993. Kwa jumla, takriban tani 300 za klodekoni halisi zilimwagwa katika udongo wa visiwa viwili vidogo.

Udongo unavyotunza na mvua inavyotoa

Hapa inafaa tusimame kidogo tueleze jinsi mambo yanavyokwenda, kwa sababu bila kuelewa hili hatuwezi kuelewa wala kesi wala siasa yake.

Migomba ya Martinique na Guadeloupe imeota kwa wingi kwenye miteremko ya milima ya volkano, Pelée na Soufrière. Udongo wa volkano una vitundu vingi vidogo na mboji nyingi. Huishika klodekoni kama sifongo linavyoshika maji. Watafiti wamekadiria kwamba, udongo ukiachwa uisafishe sumu hiyo kwa njia ya asili, itachukua miongo mingi katika aina fulani za udongo, na karne kadhaa katika udongo wa volkano.

Kutoka hapo sumu ina njia mbili za kufika baharini. Njia ya kwanza ni ya polepole: maji ya mvua hupenya ardhini, huchukua kiasi kidogo, na kukipeleka kwenye chemchemi na mito, mwaka mzima, iwe kiangazi au masika. Njia ya pili ni ya ghafla. Matone mazito ya mvua hupiga ardhi iliyo wazi, huzibandua chembe za udongo, na maji yanayotiririka huzibeba. Chembe nyepesi kuliko zote, zile za mfinyanzi na mboji, ndizo husafiri mbali zaidi, na ndizo hizo hizo zinazoshika sumu kwa wingi. Ndiyo maana siku chache za dhoruba zinaweza kubeba sehemu kubwa ya mashapo ambayo mto huyapeleka baharini kwa mwaka mzima. Anayepima maji siku ya jua anaweza kuuona mto msafi, kumbe mzigo ulipita usiku wa mvua, wakati kila mtu alikuwa amejifungia ndani.

Mwishoni mwa mwaka 1999 vipimo vya maji ya kunywa vilidhihirisha tatizo, na baadhi ya vyanzo vikafungwa au kuwekewa vichujio vya mkaa maalumu. Mwaka 2002 viazi vitamu kutoka Martinique vilikamatwa katika bandari ya Dunkerque, Ufaransa, kwa kuwa vilikuwa na sumu. Mazao yanayokaa ndani ya udongo, kama viazi na magimbi, ndiyo yaliyoathirika zaidi. Ufugaji wa kamba wa mtoni ukaharibika. Maeneo makubwa ya pwani yakapigwa marufuku ya uvuvi, na wavuvi, ambao hawakuwahi kunyunyiza hata kijiko kimoja cha dawa, wakapoteza riziki yao. Vipimo vya damu vilivyofanywa katika muongo wa 2010 viliikuta klodekoni kwa zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima wa visiwa hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba wanaume wa Guadeloupe wenye kiasi kikubwa cha sumu hiyo katika damu walikuwa katika hatari zaidi ya kupata saratani ya tezi dume.

Sumu moja yaamsha nyingine

Mwaka 2021 timu ya watafiti iliyoongozwa na Pierre Sabatier ilichapisha matokeo yanayostahili kusomwa na kila afisa wa kilimo. Walichukua sampuli ndefu za mashapo kutoka chini ya bahari karibu na visiwa hivyo. Tope la baharini hutua tabaka juu ya tabaka, mwaka baada ya mwaka, kama kurasa za daftari. Anayejua kuzisoma kurasa hizo hupata historia ambayo hakuna waziri aliyeiandika.

Mtu angetarajia kwamba, baada ya marufuku ya 1993, kiasi cha klodekoni kingekuwa kikipungua ukurasa hadi ukurasa. Kinyume chake, watafiti waliona kwamba kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 sumu inayofika baharini iliongezeka, sambamba na ongezeko la mmomonyoko wa udongo. Kwa nini, ilhali hakuna tena aliyekuwa akiinyunyiza? Maelezo yao yalikuwa haya: wakati huo ndipo kiuagugu cha glifosati kilipoenea mashambani. Kiuagugu kiliua nyasi zilizokuwa zikifunika ardhi chini ya migomba. Ardhi ikabaki uchi. Mvua ikapiga, udongo ukaondoka, na klodekoni iliyokuwa imelala ikaondoka nao.

Tuzingatie maana yake. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo. Glifosati ilikuwa halali, na aliyeinyunyiza pengine hakuwahi kuigusa klodekoni maishani mwake. Lakini kosa la baba lililokuwa limezikwa lilifukuliwa na pupa ya mwana. Uchafuzi wa jana haukuwa umekwisha. Ulikuwa umefunikwa tu, na kilichoufunika kilikuwa ni nyasi.

Haki inayochelewa

Mwaka 2006 vyama vya kiraia vya visiwani vilifungua mashtaka ya jinai. Mwaka 2018 Rais Emmanuel Macron, akiwa ziarani Martinique, alikiri kwamba dola inapaswa kubeba sehemu yake ya lawama. Mwaka 2019 tume ya uchunguzi ya bunge ilieleza kwamba dola ndiyo yenye dhamana ya kwanza. Mwishoni mwa mwaka 2021 saratani ya tezi dume inayotokana na viuatilifu ilitambuliwa kisheria kuwa ugonjwa wa kazini kwa wafanyakazi wa mashamba.

Kisha, Januari 2023, baada ya miaka 16, mahakimu wachunguzi walilifunga jalada la jinai bila kumshtaki mtu yeyote. Sababu kubwa ilikuwa kupita kwa wakati: ushahidi wa mambo ya miaka ya 1970 na 1980 ulikuwa mgumu kukusanywa, na ukomo wa muda wa mashtaka ulikuwa umefika. Watu waliandamana kwa hasira, na walalamikaji wakakata rufaa. Februari 2024 baraza la chini la bunge lilipitisha, katika hatua ya kwanza, muswada wa kutambua wajibu wa dola. Machi 2025 mahakama ya rufaa ya masuala ya utawala mjini Paris iliamua kwamba dola ilikosea ilipotoa vibali vile, na kwamba walioweza kuthibitisha kuishi katika hofu kutokana na sumu hiyo walistahili fidia.

Linganisha saa hizo mbili, msomaji. Saa ya mahakama huhesabu miaka 10 au 20, kisha husema shauri limechakaa. Saa ya udongo huhesabu karne. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya mwizi wa kuku haiwezi kumfikia mtu ambaye kosa lake linaendelea kutenda kazi baada ya yeye kustaafu, kupewa nishani na kuzikwa kwa heshima.

Sisi tunajifunza nini?

Mwaka 2009 klodekoni iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm, unaopiga marufuku kemikali zisizooza. DDT na dieldrini zilikuwamo tangu mwanzo, miongoni mwa kemikali 12 za kwanza, ingawa DDT iliachiwa nafasi ya kupambana na mbu wa malaria. Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Kenya na Tanzania zote ni wanachama wa mkataba huo. Katiba ya Uganda, ibara ya 39, inampa kila raia haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Kanuni za mwaka 2000 zinataka ukingo wa mto uachwe bila kulimwa: meta 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa humo, na meta 30 kwa mingine. Karatasi, basi, tunazo.

Lakini tembea kando ya mto wowote uone mahindi na migomba ilipoishia. Mara nyingi jembe limefika ukingoni kabisa. Ule ukanda wa majani ambao kanuni inautaja haukuwekwa ili kumnyima maskini ardhi. Ndio mlango wa mwisho unaoweza kuusimamisha udongo kabla haujaingia majini, pamoja na kila kilichonyunyizwa juu yake.

Tukumbuke pia kwamba mto hauna pasipoti. Kagera hupokea maji ya Ruvubu kutoka Burundi na ya Nyabarongo kutoka Rwanda, hupita mpakani mwa Tanzania na Uganda, kisha huyamwaga yote katika ziwa Viktoria, ambalo Mkenya naye huvua humo. Anayeacha kilima chake uchi mwezi wa Aprili anampelekea jirani wa nchi nyingine udongo wake. Kwa hiyo suala hili haliwezi kumalizwa na halmashauri ya wilaya moja, wala na taifa moja.

Isitoshe, wakulima wetu wanazo njia za kumdhibiti fukusi bila kungoja unga wa kopo: kuchagua machipukizi safi na kuyamenya kabla ya kupanda, kuondoa mabaki ya migomba iliyovunwa, kukata vipande vya shina na kuvitega ili mdudu avifuate na kuokotwa. Matandazo ya majani hufunika ardhi na kuvunja nguvu ya matone ya mvua. Visiwani nako, baada ya marufuku, walitafuta mitego yenye harufu inayomvutia fukusi. Njia nyingine zilikuwapo. Kilichokosekana ni subira, pamoja na sauti ya mfanyakazi katika chumba ambamo vibali vilitiwa saini.

Sisemi kwamba kila dawa ni haramu. Mkulima mwenye njaa hawezi kuhubiriwa akiwa shambani mwake huku mazao yakiteketea. Nasema kwamba kabla ya kopo kufunguliwa, raia anayo haki ya kuuliza mambo matatu: itakaa muda gani, itakwenda wapi mvua ikinyesha, na ni nani atakayejibu ikiwa itadhuru. Serikali isiyoweza kuyajibu haya haina budi kukinyima kibali hicho saini yake, hata kiwe cha muda. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Na kwa sumu iliyokwisha kushikamana na udongo wa kilima kizima, hata huo ukuta hakuna ajuaye kuujenga.

Masika ijayo, mto utakapobadilika rangi tena, usiishie kutazama. Fuata maji kwa macho yako kuelekea juu, hadi pale udongo ulipotoka. Huko ndiko somo la uraia linakoanzia.

Maswali ya mjadala darasani

1. Wafanyakazi wa Martinique walidai kuondolewa kwa dawa zenye sumu mwaka 1974. Kwa nini sauti yao haikuhesabiwa kuwa ushahidi?

2. Je, ni haki kwa ukomo wa muda wa mashtaka kutumika katika makosa ambayo madhara yake hudumu kwa karne? Tetea jibu lako.

3. Taja mto ulio karibu na shule yako. Eleza hali ya kingo zake, kisha andika barua rasmi kwa mwenyekiti wa kijiji ukipendekeza hatua mbili zinazotekelezeka.

4. Nchi tano zinapotumia ziwa au mto mmoja, nani awe na mamlaka ya kupima mashapo, na matokeo yatangazwe kwa lugha gani ili mwananchi wa kawaida ayaelewe?